Jicho la Mwonaji, Sikio la Mpelelezi

Ukipanda kutoka Korogwe kuingia milima ya Usambara unafika Lutindi, ilipo hospitali ya magonjwa ya akili inayotajwa kuwa kongwe kuliko zote Afrika Mashariki. Wamisionari wa Kijerumani walianza hapo mwaka 1896 kwa kujenga makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1904 makao hayo yakawa nyumba ya wagonjwa wa akili. Yalifuata mfano wa Bethel, kule Bielefeld, ambako Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh aliwalea wenye kifafa na kuwapa kazi za mikono kama sehemu ya tiba. Leo hospitali iko chini ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania.

Sasa teremka, vuka mto Pangani, shika njia ya Handeni. Hapo umeingia Uzigua, nchi ambayo sifa ya waganga wake inavuma hadi Dar es Salaam. Aliyeibiwa hupanda basi kwenda kuaguliwa, na vivyo hivyo aliyefiwa ghafla na aliyeharibikiwa na biashara. Mlimani Lutindi, mtu anayesikia sauti ambazo wenzake hawazisikii huandikiwa dawa. Tambarareni, mtu wa namna hiyo hiyo anaweza kuketi kilingeni, akaulizwa maswali na kulipwa.

Ipo sehemu ya tatu ambako mtu huyu anaonekana, nayo ni banda la video. Katika filamu za jinai, anayesikia sauti na kuona yasiyoonekana huwa mpelelezi. Mtu ni mmoja na dalili ni zilezile, ila hatima zake ni tatu. Tofauti inaletwa na yule aliyesimama karibu naye: muuguzi, mteja mwenye kisasi, au mwongozaji wa filamu. Kwa muda mrefu nimezitazama filamu hizi nikiwa na Lutindi akilini, na nimefika mahali pa kuamini kwamba zinatufundisha jambo moja la hatari na jambo moja la thamani. La hatari ni kwamba maono yanaweza kusimama badala ya ushahidi. La thamani limefichwa ndani zaidi, na inabidi tulichimbue.

Mwonaji na polisi waliokwama

Mpangilio wa filamu hizi unajulikana. Mtu ameuawa, polisi wamekwama, na ndugu wa marehemu wanalia. Anatokea mwonaji asiyeaminiwa. Anashika kitambaa au kiatu cha marehemu, mwili unamtetemeka, anaona. Askari anambeza, kisha anamfuata, na mwishowe muuaji anapatikana. The Dead Zone, filamu ya David Cronenberg ya mwaka 1983 iliyotokana na riwaya ya Stephen King, inakwenda kwa mtindo huo katika sehemu yake ya kati. Mwalimu aliyezinduka baada ya kupoteza fahamu miaka mitano anagundua kuwa akimgusa mtu anaona yaliyompata au yatakayompata. Mkuu wa polisi wa mji anamwomba msaada, na muuaji wa wanawake anapatikana ndani ya kikosi chenyewe cha polisi.

Mtazamaji wa Korogwe au wa Kisumu hahitaji kuelezwa kwa nini hadithi hiyo inamkamata. Mtu yeyote aliyewahi kufuatilia kesi katika mahakama zetu anaijua sentensi inayosomwa kila kesi inapotajwa: upelelezi haujakamilika. Anarudi nyumbani, anasubiri siku 14, anairudia safari, anaisikia tena sentensi ileile. Mwonaji ni mtu ambaye upelelezi wake umekamilika daima. Hahitaji nauli ya kuwafuata mashahidi wala majibu ya maabara. Anafumba macho na jina linatoka. Kwa aliyefiwa, hamu ya kupata jina ni kali kama kiu, na filamu inampa maji hayo katika muda wa saa mbili.

Filamu bora za aina hii, hata hivyo, hazikuishia hapo, na ndiyo maana zinastahili kusomwa kwa makini. The Gift, aliyoiongoza Sam Raimi mwaka 2000, inamhusu Annie, mjane katika mji mdogo wa jimbo la Georgia anayewatazamia majirani bahati zao kwa karata. Msichana anapotea. Annie anaona maji na minyororo, polisi wanalikokota bwawa, na maiti inapatikana kweli. Bwawa liko katika ardhi ya mwanamume katili anayempiga mkewe, mtu ambaye mji mzima unamchukia. Anashitakiwa na kufungwa. Baadaye Annie anapata ono jingine: aliyefungwa hakuua. Ono la kwanza lilionyesha mahali pa kweli, na mahali hapo pakamtia hatiani mtu ambaye watu walikuwa tayari kumtia hatiani. Raimi anatuonyesha jinsi jambo la kweli likionwa nusu linavyozaa uongo kamili.

Katika filamu hiyo hiyo yumo kijana aitwaye Buddy, fundi wa magari mwenye akili iliyojeruhiwa. Mara kwa mara anamfuata Annie akitaka amsaidie kukumbuka jambo la utotoni linalomtesa. Annie ana shughuli nyingi, ana watoto, na ana maono ya msichana aliyepotea. Anamwambia watazungumza siku nyingine. Siku hiyo haikuja kwa wakati. Kijana alikuwa ametendewa unyama na baba yake mzazi, na jeraha lilipopasuka alimchoma moto baba huyo, akapelekwa hospitali ya akili. Hapa ndipo filamu ilipozika jambo lake la thamani. Mwanamke mwenye jicho la kuona maiti chini ya maji alishindwa kumsikia mtu mzima aliyesimama mlangoni kwake akiomba kusikilizwa.

Minority Report ya Steven Spielberg, ya mwaka 2002, iliyotokana na hadithi ya Philip K. Dick ya mwaka 1956, inaufikisha mfumo huu mwisho wake. Ni Washington ya mwaka 2054. Waonaji watatu wamelazwa katika bwawa, wametiwa dawa, nyaya vichwani. Wakiona mauaji yajayo, mpira wa mbao unachongwa jina la atakayeua, na polisi wanamkamata kabla hajatenda. Jiji limetulia. Lakini siri ya jiji hilo ni jinai: mkuu wa mradi alimuua mama wa Agatha, mwonaji hodari kuliko wenzake, kwa sababu mama huyo alitaka kurudishiwa mtoto wake. Usalama wa wote ulijengwa juu ya mtoto aliyenyang'anywa mama. Agatha anayaona mauaji ya watu wote, ila hayo ya mama yake anayarudia kila siku na wataalamu wanayafuta wakidhani ni mwangwi tu.

Ukimwondolea Agatha sifa ya kipaji, unabaki na mgonjwa aliyelazwa asiyeulizwa habari zake.

Kioo cha mchape na mkate wa kiapo

Huku kwetu mwonaji hakuletwa na filamu. Pwani yote ya Uswahilini ilikuwa na viapo vya kumtambua mwizi: shoka lililotiwa motoni hadi likaiva, au kipande cha mkate kilichosomewa ambacho mshukiwa alitakiwa kukitafuna na kukimeza. Kiapo cha mkate kilikuwa na elimu ya mwili ndani yake, maana mwenye hofu hukaukwa mate na mkate humkwama kooni. Tatizo lake linaeleweka: hofu si mali ya mwizi peke yake. Mjakazi aliyesingiziwa, mgeni asiye na ndugu na mtoto aliyezoea kupigwa, wote hukaukwa mate.

Miaka ya 1930, katika nchi ambazo leo ni Malawi na Zambia, walizuka vijana walioitwa wachape, waliopita kijiji kwa kijiji wakiwafichua wachawi. Mwanaanthropolojia Audrey Richards aliandika habari zao mwaka 1935. Walikuwa na kioo kidogo cha duara. Wanakijiji walipangwa mstari, wakapita mmoja mmoja, na kijana akawatazama ndani ya kioo. Aliyeonekana kuwa mchawi aliamriwa kutoa pembe zake za uchawi na kunywa dawa. Wimbi hilo lilivuka mpaka. Rukwa na Kigoma lilijulikana kama kamchape, na huku Tanga na Morogoro watu wa kazi hiyo wanaitwa lambalamba.

Kioo kile hunirudia kila ninapoona kwenye filamu za Nollywood, na za Bongo zilizofuata nyayo zake, mganga akimwonyesha mteja sura ya adui ndani ya beseni la maji au kwenye kioo cha ukutani. Sura inatokea wazi, ya mama mkwe au ya rafiki wa utotoni, na mtazamaji hana nafasi ya kuuliza chochote kwa kuwa kamera nayo imeona. Hapo ndipo filamu ilipo na nguvu kuliko mchape. Mchape alitazama yeye mwenyewe, na kijiji kikabaki na neno lake tu. Kamera inatufanya sisi sote tuwe waonaji, na mtu haoni sababu ya kushuku alichokiona kwa macho yake.

Tukitoka bandani, gharama yake ni damu. Usukumani, kwa miongo kadhaa, vikongwe wameuawa kwa mapanga baada ya kutajwa katika ramli, mara nyingi kwa ushahidi wa macho mekundu. Macho hayo yana maelezo yaliyo jikoni kwa kila mtu: mwanamke aliyepikia kuni na kinyesi cha ng'ombe kikavu kwa miaka 50, ndani ya nyumba isiyo na dirisha, hufika uzeeni macho yakiwa mekundu. Mkosaji ni moshi. Tangu mwaka 2007 dunia ikasikia pia habari za watu wenye ualbino wakiuawa na kukatwa viungo kwa maelekezo ya wapiga ramli walioahidi utajiri. Filamu ya White Shadow ya Noaz Deshe, iliyochukuliwa Tanzania na kutuzwa Venice mwaka 2013, inamfuata mvulana mwenye ualbino aliyeona baba yake akiuawa. Hapo hakuna ramli inayotatua jinai, kwa sababu jinai yenyewe imeanzia kwenye ramli.

Wakubwa wa dunia hawajaepuka hili. Mwaka 2004, kwenye kipindi cha televisheni nchini Marekani, mwonaji mashuhuri Sylvia Browne alimwambia mama wa msichana aliyepotea Cleveland, Amanda Berry, kwamba bintiye amekwisha kufa. Mama alifariki mwaka 2006. Mei 2013 Amanda akatoka hai katika nyumba alikofungiwa miaka kumi, mtaa usio mbali na kwao. Ono lile halikumkamata mhalifu. Lilimnyang'anya mama tumaini, na mama akaenda kaburini bila kulirudishiwa.

Sheria inaposimama katikati

Sheria za Kiingereza zilikwisha kukutana na mwonaji wa jinai zamani. Sheria ya Uchawi ya Uingereza ya mwaka 1735 iliacha kuwaua wachawi, na ikawaadhibu wanaojidai kuwa na uchawi, wakiwamo wanaodai kujua kwa elimu ya siri mahali zilipo mali zilizoibwa. Mawazo hayo yakasafiri hadi makoloni. Sheria ya Uchawi ya Kenya ya mwaka 1925 inamwona ana hatia hata mteja anayemwajiri mtu amtajie mtenda jinai kwa njia zisizo za kawaida. Ya Tanganyika ni ya mwaka 1928, nayo ingali katika vitabu vyetu kama Sura ya 18.

Mwaka 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alifuta leseni za waganga wa jadi, na Januari 2015 Waziri wa Mambo ya Ndani Mathias Chikawe akatangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Kati ya matukio hayo lugha yetu ilipata jina zuri kwa kitu kibaya: ramli chonganishi. Jina hilo linasema kweli, kwa kuwa mpiga ramli wa aina hiyo hataji muuaji. Huchukua kinyongo kilichokwishakuwapo, cha shamba au mirathi au wivu wa mke mwenza, na kukipa idhini. Mteja huondoka na jina alilokuja nalo.

Ni haki kutofautisha. Mganga anayeijua mitishamba anatambuliwa na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na hapa mkoani Tanga, tangu miaka ya 1990, madaktari na waganga wamewahi kushirikiana kuwahudumia wagonjwa wa ukimwi. Waganga hao wanabeba mzigo mkubwa kuliko tunavyokiri. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2003 ulikuta kwamba karibu nusu ya wateja wa waganga wa jadi, asilimia 48, walikuwa na matatizo ya akili ya kawaida kama sonona na wasiwasi. Katika vituo vya afya walikuwa asilimia 24. Watu wenye maumivu ya nafsi huenda mahali wanapoulizwa habari za ndugu zao na ndoto zao. Mganga mwema huwapa muda huo. Mpiga ramli mbaya huuchukua muda huo na kuugeuza kuwa mashitaka.

Marufuku peke yake haiwezi kuliziba pengo. Sheria inamnyamazisha mwonaji lakini haikamilishi upelelezi. Kijiji kilichofiwa na watoto watatu kwa mwezi mmoja kinataka jibu, na kama hakuna daktari wa kulitoa, litatolewa na mwingine. Mahenge ni mfano mzuri. Kifafa kimekuwa kingi huko kupita kiasi, na wagonjwa wake walitengwa kwa hofu ya pepo. Daktari Louise Jilek-Aall alianza kuwatibu mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa dawa za bei nafuu, na wengi wakapata nafuu. Watafiti waliofuata wamekihusisha kifafa hicho na usubi, ugonjwa unaoenezwa na kiinzi kinachozaliana katika mito iendayo kasi. Huo ndio upelelezi: miongo ya kupima damu na ngozi, kuhesabu nyumba, kufuata mto. Mkosaji aliyepatikana ni mdogo kuliko punje ya mchele, na hana jirani wa kumchukia.

Wanaoona, na yanayowapata

Nimesema hatari ya kumwamini mwonaji. Upande wa pili una uzito uleule: nini kinampata anayeona. Mwaka huohuo wa 1904, wakati Lutindi inapokea wagonjwa wake wa kwanza, huko Ngarambe kusini mtu aitwaye Kinjikitile Ngwale alipandwa na pepo Hongo na kuanza kugawa maji. Vita vya Majimaji vilipolipuka mwaka uliofuata, Wajerumani walimnyonga Mohoro, Agosti 1905. Dola moja ilikuwa na majibu mawili kwa watu wanaosikia sauti: kitanda kaskazini, kamba kusini. Waingereza nao walikuwa na yao. Elijah Masinde, mwanzilishi wa Dini ya Msambwa huko Bungoma, alipowaambia watu kwamba Wazungu waondoke, alipelekwa hospitali ya akili ya Mathari, Nairobi, mwaka 1945, akakaa hadi 1947. Alichokisema kilikuwa siasa iliyo wazi, kikaandikwa kama ugonjwa.

Mahakama pia zimewahi kukutana na sauti. Wanafunzi wa sheria Afrika Mashariki wanaijua kesi ya Eria Galikuwa wa Uganda, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki mwaka 1951. Aliingia katika mambo na mganga, kisha akawa anasikia sauti ya dawa ikidai fedha na kutishia kumla. Akamuua mganga, akiamini hana njia nyingine ya kuokoka. Mahakama ilisema hofu ya madhara yajayo si kuchokozwa, na hatia ya kuua kwa kukusudia ikabaki. Kisheria uamuzi unaeleweka. Ila ukiusoma leo unatafuta ndani yake mtu mmoja aliyemuuliza Galikuwa sauti hiyo ilianza lini, na kabla ya hapo alikuwa analala namna gani. Sheria zetu za sasa angalau zina mlango: mahakama ikiona dalili za maradhi ya akili humpeleka mshitakiwa Isanga, Dodoma, akachunguzwe kabla kesi haijaendelea.

Na sauti zenyewe hazifanani. Mwanaanthropolojia Tanya Luhrmann na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, waliwahoji watu 60 wenye maradhi makali ya akili, 20 katika kila mahali: California, Accra na Chennai. Wamarekani wengi walisimulia sauti za ukatili, za kuamrisha kuua na kujeruhi. Wa Accra walisema mara nyingi kwamba ni Mungu anayezungumza nao, na wa Chennai walisikia ndugu zao wakiwakaripia au kuwashauri kazi za nyumbani. Sauti huvaa nguo za jamii inayomzunguka msikiaji. Kama ni hivyo, filamu zinazofurika sauti za wauaji haziwezi kuwa burudani tu. Zinawashonea watu nguo.

Walichokwishakiona wasanii wetu

Fasihi yetu ya upelelezi ilianza kwa kulijibu swali hili. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi la miaka ya 1957 na 1958 kwa hadithi iliyochapishwa mwaka 1960, Mzimu wa Watu wa Kale. Mauaji yanatokea na kivuli cha mzimu kinatanda juu yake. Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, hautukani mzimu wala hapigani na imani za watu. Anauliza nani alikuwa wapi, nani anamrithi nani, nani alisema nini mbele ya nani. Mwisho mkono unaoonekana ni wa binadamu. Ni jambo la kujivunia kwamba mpelelezi wa kwanza mashuhuri wa Kiswahili alipewa kazi ya kuwasikiliza watu katika nchi iliyojaa waganga, na alipomaliza kuwasikiliza, mzimu haukuwa tena na kesi ya kujibu.

Filamu yetu kubwa kuhusu maono ilichukua njia nyingine, na ndiyo ninayoithamini kuliko zote nilizozitaja. Maangamizi, iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill, ilitoka mwaka 2001 na ikawa ya kwanza kupelekwa na Tanzania kuwania Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Sehemu kubwa yake inatokea ndani ya hospitali ya akili. Daktari Asira, Mmarekani Mweusi, anakutana na mgonjwa aitwaye Samehe, mwanamke aliyenyamaza miaka mingi baada ya kushuhudia ukatili uliompata mama yake. Samehe anatokewa na Maangamizi, mzee wa kale, roho ya mababu. Vyote vya filamu ya jinai vimo: mwathirika, shahidi, maono. Lakini maono hayatumiki kumkamata mtu. Yanamrudishia Samehe sauti yake, na yanamlazimisha daktari, mwenye majeraha yake ya ukoo, kusikia pia. Jina la mgonjwa ndilo ombi la filamu.

Tofauti ya Agatha na Samehe ndiyo hoja yangu nzima. Wote wawili wamewekwa wodini na wote wawili waliona mama akiangamizwa. Agatha anatumiwa kutaja majina ya wakosaji wengine. Samehe anaachwa ataje kilichompata yeye. Jicho la kwanza linaijaza jela ya Washington, na sikio la pili linamtoa mgonjwa mmoja katika ukimya. Mwandishi wa filamu anayetaka kumleta mwonaji katika hadithi ya jinai ana uchaguzi huo mbele yake, na uchaguzi huo unafika mbali kuliko pazia la mwisho, kwa sababu mtazamaji akitoka bandani Korogwe anarudi kijijini ambako bibi mwenye macho mekundu yupo, na kijana anayesikia sauti yupo.

Ningeomba filamu moja itengenezwe Lutindi, na ningependa ianze mwaka 1896. Watu wa kwanza kulala pale hawakuwa wagonjwa. Walikuwa watoto waliotolewa mikononi mwa wauza watumwa, kila mmoja akiwa ameona jinai kwa macho yake: kijiji kilichochomwa, mama aliyebaki njiani. Hawakuhitaji kipaji cha kuona. Walijua sura za waliowachukua, na wengine walijua na majina. Mpelelezi angewaketisha mmoja mmoja, awape uji, asubiri, kisha aandike wanachosema kwa lugha wanayoisema. Miaka minane baadaye nyumba hiyo hiyo ikaanza kuwapokea watu waliosema mambo ambayo hakuna aliyetaka kuyaandika. Kabla ya kumpeleka mtu kwa mwonaji, tuna deni la mashahidi hao.